Jina Lililomtangulia Mwenyewe: Uhakiki wa Majina ya Kaa wa Kilindi cha Antaktika

1. Utangulizi

Ugunduzi wa spishi mpya ya mnyama hukamilika kwa maandishi, si kwa macho. Mnyama aweza kuonwa, kupigwa picha na kuhifadhiwa katika chupa ya alkoholi kwa miaka mingi, lakini kwa mujibu wa Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama hana jina linalotambulika mpaka jina hilo litangazwe katika chapisho pamoja na maelezo yanayomtofautisha na jamaa zake. Kwa hiyo tangazo la spishi mpya ni matini. Na kwa kuwa ni matini, linaweza kuulizwa yale yale ambayo mhakiki huuliza shairi au riwaya: nani anasema, amechagua maneno gani, na ni jambo gani ameliacha nje.

Makala haya yanachunguza majina yaliyomzunguka kaa mmoja wa kilindi cha Bahari ya Kusini, Kiwa tyleri, aliyetolewa majini mwaka 2010 na kupewa jina rasmi mwaka 2015. Hoja inayotetewa ni kwamba majina yote aliyoyapata yanatazama ama sura yake, ama heshima ya binadamu fulani, na hakuna hata moja linalogusa jambo linalotawala maisha yake, yaani mapambano yake na baridi. Jambo hili lawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu moja kubwa: katika lugha hii mnyama huyo bado hajapata jina lililozoeleka, na jina litakaloingia kwanza vitabuni ndilo litakaloongoza fikra za watakaomsoma.

2. Mandhari na mhusika

Kabla ya kuhukumu majina, inafaa kumfahamu anayeitwa. Katika Bahari ya Kusini, karibu na visiwa vya South Sandwich, upo mgongo wa milima ya chini ya bahari uitwao East Scotia. Mwanzoni mwa mwaka 2010 meli ya utafiti ya Uingereza, James Cook, ilishusha huko chombo cha kuzamia kiitwacho Isis, ambacho huongozwa na watu walio melini. Chombo hicho kilifanya kazi katika sehemu mbili za mgongo huo, kwenye kina cha mita 2,600 hivi na mita 2,400 hivi. Hapo palikuwa na chemchemi za maji moto zinazotoka katika ufa wa sakafu ya bahari na kujenga minara ya madini. Maji katika vinywa vya chemchemi zilizo kali zaidi yalipimwa yakapita nyuzi 380 za Selsiasi, na hayakuchemka kwa sababu ya uzito wa bahari iliyo juu yake. Hatua chache kutoka hapo, bahari yenyewe ina baridi ya takriban nyuzi 0.

Chemchemi za namna hii zilijulikana kwa sayansi tangu mwaka 1977, zilipoonekana karibu na visiwa vya Galápagos. Viumbe wa mahali hapo hawalishwi na jua, kwa kuwa mwanga haufiki. Bakteria hutumia kemikali zilizomo katika maji yatokayo ardhini, na wanyama huishi kwa bakteria hao. Tofauti ya East Scotia ilikuwa katika wakazi wake: badala ya minyoo mikubwa ya mirija iliyozoeleka katika chemchemi za Pasifiki ya mashariki, walikutwa kaa weupe wamelundikana juu ya minara, mamia katika mita moja ya mraba, wengine wamepanda juu ya migongo ya wenzao.

Kifuani mwa kila kaa kulikuwa na vinyweleo vingi, na juu ya vinyweleo hivyo waliota bakteria. Kaa huyo huwachana bakteria hao kwa viungo vya kinywani vilivyo kama kitana, kisha huwala. Chakula chake kimo mwilini mwake. Lakini bakteria hawaishi bila kemikali za chemchemi, na kwa hiyo kaa hana budi kukaa karibu na maji moto: akisogea sana ataungua, akijitenga sana atashikwa na baridi na njaa. Nchi yake yote ni ukanda mwembamba wa mita chache tu. Nje ya ukanda huo, maji ya Antaktika ni makali mno kwa kaa wengi na jamaa zao; sababu inayotajwa mara nyingi ni kwamba katika baridi hiyo miili yao hushindwa kupunguza magnesiamu iliyomo damuni, wakalegea.

3. Majina manne na mitazamo yake

Jina la kwanza kwa umri ni la jenasi: Kiwa. Mwaka 2005 nyambizi ndogo Alvin ilipata kaa wa kwanza wa ukoo huu katika Pasifiki, kusini mwa Kisiwa cha Pasaka, na mwaka huo huo Macpherson, Jones na Segonzac wakamtangaza katika jarida Zoosystema la Paris kwa jina la Kiwa hirsuta. Neno la pili ni la Kilatini na maana yake ni mwenye nywele. La kwanza lilichukuliwa kutoka katika masimulizi ya Wapolinesia, na watangazaji walilieleza kuwa ni la mungu wa kike wa viumbe wenye magamba. Hapa mhakiki wa fasihi simulizi hana budi kusimama kidogo. Kwa Wamaori wa New Zealand, Kiwa ni mlinzi wa bahari, na Pasifiki yenyewe huitwa Te Moana-nui-a-Kiwa, yaani bahari kuu ya Kiwa. Mlinzi wa bahari nzima amepunguzwa akawa msimamizi wa kaa. Kila mara neno la masimulizi linapong'olewa mahali pake na kupandwa penginepo, hupoteza mizizi kadhaa; aliyelichukua haoni upungufu, lakini mwenye masimulizi huuona.

Jina la pili ni yeti. Hili halimo katika Kilatini cha wataalamu; ni jina la mitaani lililoenea magazetini tangu mwaka 2006, na wasomaji wa Kongo hulikuta kwa Kifaransa kabla ya lugha nyingine: crabe yéti. Yeti ni kiumbe wa hadithi za milima ya Himalaya, mkubwa, mwenye manyoya, anayesemwa kuishi thelujini. Kinachofanana ni manyoya tu. Lakini tamathali haichukui kitu kimoja peke yake. Yeti huja na theluji yake, na msomaji akisikia kaa yeti wa Antaktika hudhani papo hapo kuwa manyoya yale ni vazi la kumkinga mnyama na baridi. Dhana hiyo ni kinyume cha ukweli. Vinyweleo vya kaa huyu si blanketi, ni shamba. Wala yeye si mwenyeji wa baridi. Ni mkimbizi aliyejibanza penye moto. Tamathali ya yeti, kwa hiyo, si pungufu tu: inapotosha.

Jina la tatu lilizaliwa miongoni mwa watafiti wenyewe. Walipoona vifua vyenye vinyweleo walimkumbuka David Hasselhoff, mwigizaji wa televisheni wa Marekani aliyejulikana kwa kifua wazi, wakamwita mnyama huyo kaa wa Hoff. Matokeo ya safari yalipochapishwa Januari 2012 katika jarida PLoS Biology, mnyama alitajwa kwa jina la jenasi tu, kwa kuwa alikuwa hajatangazwa rasmi. Nafasi hiyo tupu ilijazwa na mzaha. Tangu 2010 hadi 2015 jina la mzaha lilitangulia jina la hati, na wengi waliosikia habari za kaa huyu walizisikia kwa mzaha huo.

Kiswahili huliita jina la namna hii jina la utani. Ila utani, kama jamii zetu zinavyoujua, ni mkataba wa pande mbili: anayetania hutaniwa, na neno kali huenda likarudi kesho na ukali wake. Hapa hakuna mkataba. Anayecheka ni mtu, anayechekwa ni mtu mwingine, na mnyama ni kisingizio cha kicheko.

Jina la nne ndilo rasmi. Juni 2015, katika jarida PLoS ONE, Thatje, Marsh na wenzao walimtangaza kwa jina la Kiwa tyleri, kumtukuza Paul Tyler, mtaalamu wa viumbe wa kilindi wa Chuo Kikuu cha Southampton. Desturi ya kuwaheshimu walimu kwa njia hii ni ya zamani na haina ubaya. Hata hivyo, jina hilo lamweleza mwalimu na si mnyama. Mwaka uliofuata jamaa yake aliyepatikana katika mgongo wa bahari ulio kati ya Australia na Antaktika aliitwa Kiwa araonae, kutokana na Araon, meli ya utafiti ya Korea Kusini. Huyo naye amebeba jina la chombo kilichomfikia.

4. Fani ya tangazo: mwili bila kitendo

Haitoshi kusema kwamba majina hayo hayagusi maisha ya mnyama. Yafaa kuuliza kwa nini. Sehemu ya jibu imo katika fani yenyewe ya tangazo la spishi. Fani hii ina sheria kali. Huchaguliwa mnyama mmoja, aliyekufa, awe kielelezo kitakachobeba jina daima. Kisha viungo vyake huelezwa kimoja baada ya kimoja: gamba, macho, miguu, magando, idadi ya miiba. Sentensi huwa fupi na mara nyingi hazina kitenzi. Mtu akijaribu kuzitafsiri kwa Kiswahili huona jambo la ajabu: upatanisho wa a- na wa-, ambao ndio alama ya uhai katika sarufi yetu, hutoweka. Gando linaelezwa, kiungo kinaelezwa, mwiba unaelezwa. Mnyama mwenyewe hatendi.

Si kosa la waandishi. Maelezo ya namna hiyo ni ya lazima, maana ndiyo yanayomwezesha mtu wa nchi nyingine kujua kama kaa aliye mkononi mwake ni huyu au siye. Na haki inadai isemwe kwamba tangazo la 2015 lilijitahidi kuvuka mpaka wa fani hiyo. Kichwa chake kinataja kwanza jinsi mnyama alivyojirekebisha kuishi penye chemchemi, ndipo kinataja upya wake. Ndani yake miguu haihesabiwi tu. Inaelezwa kama nyenzo za mpanda minara, mifupi na imara, ya kushikilia ukuta uliosimama wima. Kitenzi kinarudi, na pamoja nacho anarudi mnyama. Lakini jina lilikuwa limekwisha kukatwa kwa kipimo cha meza ya maabara.

Linganisho moja linathibitisha kuwa njia nyingine ilikuwapo. Mwaka 2011 Thurber, Jones na Schnabel walimtangaza Kiwa puravida wa bahari ya Costa Rica, ambaye huyumbisha mikono yake bila kukoma juu ya mahali panapovuja kemikali, ili bakteria walio juu yake wapate riziki. Jina puravida lilichukuliwa kutoka katika usemi wa kila siku wa watu wa Costa Rica wenye maana ya maisha safi. Nalo halitaji kitendo. Hata hivyo kichwa cha tangazo hilo kinaanza na kucheza ngoma kwa ajili ya chakula. Kitendo kilipata nafasi mlangoni, kabla ya jina.

5. Mhusika asiyetajwa

Ukimya wa majina unaonekana wazi zaidi anapofikiriwa kaa jike. Mwaka huo huo wa 2015 Leigh Marsh na wenzake walichapisha katika Journal of Animal Ecology uchunguzi wa jinsi kaa hawa wanavyogawana nafasi kuizunguka chemchemi. Madume makubwa hukaa karibu na joto, penye chakula tele. Majike waliobeba mayai huonekana pembezoni, katika maji baridi, mbali na msongamano. Maelezo ya watafiti ni kwamba mayai na wachanga hawawezi kukua vema katika joto na kemikali za chemchemi. Mama hutoka. Akisha kutoka, bakteria wa kifuani hawapati tena kemikali za kuwatosha, naye hupungukiwa na chakula. Miili ya majike hao ilionyesha dalili za kudhoofika, na watafiti wakaona kuwa yaelekea jike huzaa mara moja tu maishani.

Hapa pana dhamira ambayo mwandishi yeyote wa tamthilia angeitamani: kiumbe asiyeweza kuishi nje ya joto huliacha joto kwa hiari ya maumbile yake ili kizazi kipate nafasi. Lakini ukiisoma habari hiyo chini ya kichwa kinachosema kaa wa Hoff, kifua cha dume maarufu wa televisheni kinasimama mbele ya jike anayekwenda kufa. Si suala la adabu tu. Jina limechagua jinsia, limechagua mzaha, na limemwandaa msomaji acheke mahali ambapo maandishi yanamtaka anyamaze. Wahenga walisema jina jema hung'aa gizani. Katika kilindi kisicho na mwanga kabisa, majina haya yamemulika pasipostahili.

6. Njia za Kiswahili

Kiswahili chaweza kufuata njia tatu. Ya kwanza ni kukopa: kaa yeti. Ni njia rahisi, na yaonekana kuwa ndiyo itakayoshinda kama hakuna atakayeshughulika. Udhaifu wake umekwisha kuonyeshwa. Tena kwa msomaji asiyezijua hadithi za Himalaya, yeti ni sauti tupu inayohitaji maelezo yake yenyewe kabla haijamweleza kaa.

Njia ya pili ni kufasiri sura: kaa manyoya, au kaa mwenye vinyweleo. Inaeleweka, lakini inabaki pale pale ilipobaki Kilatini cha mwaka 2005.

Njia ya tatu ni ya kitendo, na si ngeni. Lugha yenyewe imeitumia tangu zamani. Kipepeo ameitwa hivyo kwa kupepea, kimulimuli kwa kumulika, kigogota kwa kugogota mti. Waliowaita hawakuwaweka wanyama hao mezani, waliwaona wakitenda. Kwa njia hiyo kaa wa East Scotia na jamaa zake wangeweza kuitwa kaa mfugaji. Mfugaji huwatunza wale anaowala. Huwapeleka penye malisho. Huishi kwa kufuata mahitaji yao. Na akilazimika kuyaacha malisho, yeye na mifugo yake hudhoofika pamoja. Kila sehemu ya tamathali hii ina jambo la kweli linaloshabihiana nayo katika maisha ya Kiwa. Habari ya jike nayo imo ndani yake bila kulazimishwa: ni mfugaji aliyeondoka malishoni kwa ajili ya watoto.

Hata neno kaa lina bahati yake. Katika Kiswahili sauti hiyo moja ni jina la mnyama, ni kipande cha moto, tena ni kitenzi cha kuishi mahali. Hakuna anayedai kwamba maneno hayo yana asili moja. Ni sadfa ya matamshi. Lakini mwalimu anayesimulia habari za kaa akaaye penye moto hatahitaji kutafuta mbali kitu cha kuwasaidia wanafunzi wakumbuke.

7. Pingamizi

Pingamizi tatu zastahili kujibiwa. Ya kwanza ni ya wataalamu: Kiwa si kaa halisi. Ni kweli. Ukoo wake uko karibu zaidi na kamba wafupi wa kilindi na wale kaa wanaojificha katika makome matupu. Lakini neno kaa katika matumizi ya watu lina mipaka mipana kuliko ya maabara. Mkazi wa Uvira au Kalemie humwita kaa yule wa Ziwa Tanganyika, ingawa hajawahi kuiona bahari, na hakosei. Jina la lugha ya watu halidai cheti cha nasaba.

Ya pili ni kwamba ufugaji ni kazi ya binadamu, na kumpa mnyama kazi hiyo ni kumtia nia asiyokuwa nayo. Onyo hili ni zito. Hata hivyo tamathali zote zilizotangulia zimetoka kwa binadamu vilevile. Tofauti ni kwamba mfugaji huelekeza macho kwenye uhusiano unaoweza kuchunguzwa, ilhali yeti na Hoff huyarudisha macho kwenye kumbukumbu za mtazamaji. Tena watafiti wenyewe wameutumia mfano wa ukulima wa bakteria katika tangazo la Kiwa puravida.

Ya tatu ni hofu ya kuvuruga umoja wa istilahi. Hofu hiyo haina msingi. Kwa kanuni za kimataifa jina lililokwisha kutangazwa ipasavyo halikataliwi kwa sababu tu halifai. Kiwa tyleri litabaki Kiwa tyleri katika kila lugha, na Kiswahili hakina haja ya kuligusa. Lililo wazi ni jina la pili, lile la darasani na la gazetini, nalo halimilikiwi na yeyote.

8. Hitimisho

Sifa ya wagunduzi wa East Scotia haipunguzwi na uhakiki huu. Bila wao hakuna ambaye angejua kuwa katika bahari ya barafu kuna kiumbe anayeishi kwa hatua chache za joto. Lakini kazi ya kugundua ilipokwisha, kazi ya kuita ilifanywa kwa haraka na kwa kicheko, na matokeo ya haraka hiyo yanaendelea kurithiwa na lugha nyingine kwa njia ya tafsiri.

Watunga kamusi na waandishi wa vitabu vya shule watakaomfikia mnyama huyu wanashauriwa wasianze na jina la Kifaransa au la Kiingereza na kutafuta neno la kulingana nalo. Waanze na maelezo ya maisha yake, wayasimulie kwa Kiswahili chenye vitenzi, kisha waangalie ni kitenzi kipi kinachorudi mara nyingi zaidi katika simulizi lao. Kama si kufuga, litajitokeza jingine. Utaratibu huu utawafaa pia kwa spishi nyingine, kwani vilindi vya ncha za dunia bado vinachunguzwa, na kila safari hurudi na wanyama wasio na majina.